Panya asiye na mkia ndani ya nyumba ya bati

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mwanangu wa miaka 12 alisikia skuli habari za Magawa, yule panya wa kunusa mabomu, na tangu siku hiyo hana jengine ila kutaka panya wa kufuga. Shemeji yangu yuko Dar es Salaam, anamjua mtu anayefuga panya wa mapambo. Wapo wa masikio makubwa, wa manyoya ya kusokota, wa rangi ya paka wa Siamu, wasio na manyoya na wasio na mkia. Binamu yake wa shamba naye anasema atamkamatia buku mchanga, wale panya wakubwa wa porini, bure. Baba mtoto hataki hata kusikia. Anasema panya ni najisi, na kinachomtia kinyaa zaidi ni ule mkia. Nikafikiri tuchukue asiye na mkia, mambo yaishe. Tunakaa Jang'ombe hapa Unguja, nyumba ya bati, vyumba viwili na ukumbi. Tumchukue yupi, na tumtunze vipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam dada yangu. Huyo uliyemwona ndiye suluhu ya nyumba ndiye ninayeanza kumfuta. Wengine tutawajadili, lakini asiye na mkia chini ya bati la Jang'ombe, hapana.

Panya hatoki jasho mwilini kama sisi, wala hapoi kwa kutweta ulimi nje kama mbwa. Joto lake hulitolea mkiani. Huo mkia unaomchukiza baba mtoto hauna manyoya ya maana na umejaa mishipa ya damu. Mwili ukipata moto mishipa hutanuka, damu ikashuka mkiani, ikapoa kwa hewa, ikarudi. Kukiwa na baridi mishipa hujifunga na joto likabaki ndani. Njia yake nyengine ni kujipaka mate kwenye manyoya, yakikauka yanampoza. Sasa hayo mate yatakauka vipi Februari hapa kwetu, hewa imelowa mpaka chumvi inagandana kwenye kopo? Unabaki mkia.

Na kasoro yenyewe haiishii mkiani. Hali ya kuzaliwa bila mkia huweza kugusa pia mifupa ya mwisho ya uti wa mgongo na nyonga, ndiyo maana baadhi yao hutembea kombo au hushindwa kuzuia haja, na jike akishika mimba, kuzaa kunaweza kumshinda. Uingereza, chama cha wafugaji wa panya kilichoanzishwa 1976 hakiwakubali kwenye maonyesho yake, wao pamoja na wasio na manyoya.

Hili la joto sikulijifunza kitabuni. Nilipokuwa mwanafunzi nilifuga panya weupe wawili, dume na dada yake, dume nikiwa nimeshamhasi. Tundu lao nililiweka baraza ya nyuma, chini ya bati, mahali palipokuwa na kivuli kizuri asubuhi yote. Ijumaa moja ya kaskazi, msimu wetu wa joto, nikaenda msikitini, nikapitia kwa rafiki kula, nikarudi saa nane. Kivuli kilikuwa kimehama. Dume alikuwa amelala kifudifudi, miguu ameitandaza pande zote nne, kidevu na kifua vimelowa mate. Nilipoushika mkia niliusikia una moto kuliko kiganja changu. Niliwalowesha kwa kitambaa cha maji ya bombani, si ya barafu, maana barafu huifunga mishipa ya mkia palepale inapohitajika iwe wazi. Jike, aliyekuwa mwepesi kwa karibu nusu ya uzito wa kaka yake, aliinua kichwa baada ya robo saa. Dume hakufika alasiri. Kosa lilikuwa langu mtupu, na ndiyo sababu utaona kila ninachokushauri hapa chini kinarudi kwenye joto.

Kabla ya hapo, la baba mtoto. Kinyaa cha mkia huisha kwa mazoea, nimeona watu wazima wakicheka wenyewe baada ya wiki. La najisi ni jengine. Hadithi ya wale watano wanaouliwa hata ndani ya Haram, na panya yumo, inajulikana na kila aliyekaa chuo cha Kurani, na yapo maneno ya wanavyuoni juu ya kumfuga mnyama wa namna hiyo. Mimi ni daktari wa mifugo, si wa fatwa. Kaeni na shekhe mnayemuamini, mumuulize kabla ya pesa kwenda Dar, si baada. Akisema hapana, mtoto anunuliwe sungura, na dunia haitaanguka. Akisema sawa, endelea kusoma.

Buku wa binamu umkatae kwa upole. Ni kweli Magawa alikuwa buku. Alizaliwa Tanzania, akafunzwa na shirika la APOPO lililoko Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, akapelekwa Kambodia, na 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza. Alipokufa Januari 2022 alikuwa ameshafichua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100. Lakini yule alizaliwa mikononi mwa watu na alishikwashikwa tangu macho yanafumbuka. Buku wa kukamatwa shamba ni mnyama wa kilo moja na zaidi mwenye meno ya kupasulia nazi, na anaweza kuishi miaka 8 akikuchukia yote minane. Magonjwa nayo yapo. Mwaka 2003 buku waliosafirishwa kutoka Ghana kwenda kuuzwa Marekani kama wanyama wa kufuga walihusika kuingiza mpox, homa ya nyani, nchini humo. Iliwapata wanyama wengine wa biashara kwanza, kisha watu, na Serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuwaingiza.

Vivyo hivyo panya wa darini. Hao ni panya weusi, wakaazi wa zamani kuliko sisi sote. Mifupa yao imefukuliwa Unguja Ukuu kwenye tabaka za zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, walipokuja na majahazi. Mkojo wao ndio unaobeba homa ya mgunda, ile iliyotikisa Lindi mwaka 2022. Mtoto asiokote kitoto cha panya darini akakilea kwa maziwa, hata kikiwa kizuri vipi.

Panya wa mapambo anatokana na jamii nyengine, panya wa kahawia. Uingereza ya karne ya 19 palikuwa na mkamata panya wa Malkia Victoria, jina lake Jack Black, ambaye akimkuta mwenye rangi ngeni hamuui, humzalisha na kuwauzia mabibi wa mjini. Vizazi na vizazi vimepita tangu hapo, na huyu wa leo hulala mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo unapochagua "aina" unachagua nguo tu. Ndani ni panya yuleyule, ila nguo nyengine hazifai kwetu.

Wa masikio makubwa, wanamwita dambo, masikio yake ni ya mviringo na yamekaa ubavuni mwa kichwa badala ya juu. Uso wake una upole fulani, hata wagumu huyeyuka. Afya yake ni kama ya panya wa kawaida, sina neno naye.

Wa manyoya ya kusokota hufaa pia, ila sharubu zake nazo husokotwa, na zikijipinda kuelekea machoni humkera. Ukimpenda, tizama macho yake vizuri kabla ya kulipa: yakiwa na machozi au wekundu, mwache.

Wa rangi ya Siamu ana jambo la kuchekesha. Mwili wake ni wa krimu na weusi hukaa puani, masikioni, miguuni na kwenye shina la mkia, kwa sababu chembechembe zinazotengeneza rangi hiyo hufanya kazi pale penye ubaridi tu. Ncha za mwili ndizo zenye ubaridi, ndizo hupata rangi. Sasa mlete Unguja msimu wa kaskazi: manyoya mapya yataota mapauko, na baada ya miezi utakuwa na panya wa rangi ya chai ya maziwa iliyozidi maziwa. Si ugonjwa. Lakini kama mwanao anataka ule weusi wa kwenye picha, pesa zake atazijutia.

Asiye na manyoya watu hudhani ndiye wa nchi za joto. Ngozi yake huchanika kwa kucha zake mwenyewe na za mwenzake, macho humsumbua, jua humuunguza, na hula sana kwa sababu mwili unapoteza joto usiku. Kwa mtoto wa miaka 12, sitaki.

Mweupe mwenye macho mekundu ni mpole sana, ndiye huyo wa maabara, lakini haoni vizuri. Utamwona anayumbisha kichwa kulia na kushoto akipima umbali. Mwanga wetu unaoingia mlangoni saa sita mchana humuumiza, kwa hiyo awe na pahala pa giza. Na yupo yule niliyempenda zaidi kuliko wote, mweupe mwili mzima ila kichwa na mabega, kama aliyevutwa soksi nyeusi kichwani, kisha mstari mweusi unashuka mgongoni. Macho meusi, manyoya ya kawaida, bei kwa kawaida si kubwa kwa sababu hana cha ajabu.

Kwangu mimi basi: majike wawili ndugu, manyoya ya kawaida, macho meusi, masikio yoyote. Wawili kwa sababu panya mmoja peke yake hunyong'onyea. Huyu ni mnyama wa kulala rundo, na mtoto anashinda skuli asubuhi na chuoni jioni. Majike kwa sababu ya mwili: jike huwa na gramu 250 hadi 450, dume hufika 450 hadi 650, na uliona nani alipona pale barazani kwangu. Dume ni mtulivu, hukaa mapajani, lakini hukojoakojoa kila anapopita, na kwa baba mtoto mwenye neno la najisi hilo si dogo. Ubaya wa majike nao nikwambie: wakifika mwaka na nusu hivi wengi huota uvimbe kwenye matiti. Mara nyingi si saratani, ila hukua haraka na hukatwa kwa upasuaji. Umri wao wote ni miaka 2 hadi 3, mtoto aambiwe mapema.

Usichukue dume na jike hata ukiahidiwa kwamba bado wadogo. Wa wiki 5 wanaweza kushika mimba, mimba ni siku 21 hadi 23, watoto 6 hadi 12, na mama anaweza kubeba nyengine siku ileile aliyozaa. Shemeji awageuze tumbo juu kabla ya kulipa. Dume wa wiki 6 kende zake zinaonekana bila ya kutafuta.

Jengine afanye shemeji hukohuko: amweke kila panya sikioni kama anavyoweka simu. Kifua kizima hakisikiki kitu. Akisikia mlio kama wa karatasi inakunjwa, au kubofyabofya, arudishe. Karibu panya wote wamebeba kijidudu kinachoitwa maikoplazma mapafuni, wengi hukaa nacho kimya, na ukoo dhaifu huugua mapema. Amuulize mfugaji wazazi na bibi zao walikufa na umri gani na kwa nini. Mfugaji wa kweli atajibu. Anayesema "panya wangu hawafi" muachie panya wake.

Kifua hicho ndicho kinachonileta ndani ya nyumba yako. Chetezo kiwe mbali nao. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza mende, vyote hivyo huwasha mapafu ambayo tayari yana mgeni ndani. Ukitaka kufukiza ukumbi Alhamisi usiku, watoe panya chumba cha pili, ufunge mlango, na uwarudishe moshi ukishatoka. Wakija wapuliziaji wa malaria, panya watoke nyumbani kabisa siku hiyo. (Ndugu zangu wa Pemba wanaoweka magunia ya karafuu chumbani, na nyinyi pia wahamisheni panya.) Na usiwatandikie maranda ya msonobari kutoka kwa seremala, ile harufu nzuri ndiyo sumu yenyewe. Pasua kanga chakavu za pamba au tumia karatasi nyeupe iliyochanwa. Mkojo ukikaa hutoa harufu kali ya kuchoma pua. Ukiisikia wewe uliyesimama, wao waliolala juu yake imeshawadhuru. Kona wanayokojolea isafishwe kila siku, tundu zima kila wiki.

Tundu lichomelewe na fundi, urefu sentimita 80, upana 50, kimo 80, ghorofa mbili tatu za mbao au plastiki ngumu wapande na kushuka. Wavu uwe wa chuma wa macho yasiyozidi sentimita 1.3. Waya wa kuku hautoshi: wadogo watapita, na panya wa darini wataingiza pua kufuata chakula, kisha mkojo. Sakafu isiwe ya waya mtupu, nyayo hutoka vidonda visivyopona.

Liwekwe upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, chini, si juu ya kabati, maana joto la bati hukaa juu. Panya hustarehe kwenye nyuzi 18 hadi 26. Zikizidi 30 ni hatari, na Februari na Machi mchana wetu unafika 32, 33 nje, achilia mbali chini ya bati. Feni iwapo, isipulize moja kwa moja kwao. Lakini usiitegemee: aliyekuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010 anakumbuka miezi ile mitatu bila ya umeme, na ilikuwa kaskazi vilevile. Nunua kigae kimoja cha sakafuni ukilaze ndani ya tundu. Tafuta mtungi wa udongo uliovunjika shingo, uulaze ubavu, uulowanishe kwa nje asubuhi na mchana. Humo watalala. Siku ya joto kali, chupa ya maji yaliyogandishwa, ikaviringishwa taulo, iwekwe kando yao. Ukiwaona wamejitandaza, mate yanawatoka, hawataki kuinuka, ni kitambaa cha maji ya kawaida, mkia kwanza.

Chakula hakitakutaabisha. Nafaka nzima za kuchanganya, mtama, uwele, ngano, shayiri, mchele. Dagaa wawili watatu wasio na chumvi au kipande cha yai la kuchemsha kwa ajili ya protini. Mchicha, tango, boga, karoti. Nazi kipande cha ukucha tu, hunenepesha, na kifuu mkibakishe kiwe bakuli. Muhogo mbichi na kisamvu kibichi hapana, maharage mabichi hapana. Madume hawapewi maganda ya machungwa, yana kitu kinachoharibu figo zao. Njugu na mahindi yakiota ukungu tupa, panya ni miongoni mwa wanyama ambao sumu ya ukungu ule huwaua kwa ini. Haluwa ibaki ya wageni. Na kumbuka panya hawezi kutapika. Alichokimeza kimemezwa, kwa hiyo sumu ya panya isiwemo nyumbani hata uvunguni.

Siku moja mtoto atakuja mbio akikwambia panya analia damu. Futa kwa kitambaa kibichi utulie. Ni utomvu mwekundu unaotoka kwenye tezi nyuma ya jicho, si damu, na hutoka panya akifadhaika au akiugua. Mara moja baada ya safari si kitu. Ukiuona kila siku, na anapiga chafya na kupumua kwa mbavu, mpeleke kwa daktari. Usimpe amoksilini iliyobaki kabatini: dawa ya jamii hiyo huvunja ukuta wa kijidudu, na maikoplazma haina ukuta wa kuvunjwa.

Kabla ya kuwapandisha boti, shemeji aulize ofisi ya mifugo kuhusu kibali na cheti cha afya, wanyama hawaingii Zanzibar kama kikapu cha maembe. Wasafiri boti ya asubuhi, ndani ya kisanduku chenye matundu, na vipande vya tango badala ya chupa ya maji, isije ikamwagika. Wakae kimya siku mbili, kisha mtoto aanze kuweka mkono tu ndani ya tundu wamnuse.

Akifika kuwashika, mkono mmoja chini ya kifua na mwengine chini ya makalio. Asimwinue kwa mkia, na baba mtoto pia, siku atakapojitia ushujaa. Ngozi ya mkia ni nyepesi, panya akijipindua huweza kuchubuka yote ikabaki mkononi mwako kama gamba, na kinachobaki nyuma hukauka na kukatika. Ndiyo utakuwa umempata asiye na mkia.